Kabla ya Baragumu Kulia

Tarehe 7 Novemba 1857, wapelelezi Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu karibu na ilipo Tabora ya leo. Ilikuwa siku ya 134 tangu waiache pwani, na msafara ulikuwa umekata karibu kilomita 1,000. Wapagazi wa Kinyamwezi wakatua mizigo, wakanyoosha migongo, wakaenda zao. Kwao safari ilikuwa imekwisha, maana walikuwa wamefika nyumbani. Msimu wa mvua ulikuwa umewadia, majembe yanangoja. Waingereza wale wawili wakabaki Kazeh hadi katikati ya Desemba, wagonjwa na wenye hasira, wakitafuta watu wa kuwafikisha Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika.

Burton, mtu aliyeandika kila alichokiona na mengi aliyodhani ameyaona, alilalamika kwamba kati ya Oktoba na Mei ni taabu tupu kumtoa Mnyamwezi shambani. Aliyaandika hayo kwa uchungu wa mgeni aliyekwama. Lakini ndani ya uchungu wake mna habari ambayo vitabu vingi vya safari za bara vimeiruka: msafara mkubwa, wenye bendera na baragumu na mamia ya watu, haukuzaliwa mchangani Bagamoyo siku ya kuondoka. Ulizaliwa miezi kadhaa kabla, nyumbani, kwa hesabu za ghala, za deni, za nani atabaki na nani atakwenda. Hesabu hizo zikikataa, hapakuwa na tajiri wala mzungu wa kuzigeuza.

Kwanza iondolewe dhana moja. Watu wengi hudhani kila aliyebeba pembe ya ndovu karne ya 19 alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Watumwa walikuwepo katika njia zile, na mateso yao yasipunguzwe hata chembe. Ila uti wa mgongo wa biashara ya njia ya kati, kati ya Bagamoyo na Ujiji, ulikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, Wanyamwezi wakiwa mbele, na watu wa pwani waliojiita waungwana. Mwishoni mwa karne ile, wanahistoria wanakadiria, watu waliopita njia hiyo kwa mwaka mmoja walifika laki moja au zaidi. Umati wa namna hiyo hausukumwi kwa kiboko peke yake. Ni maelfu ya kaya zilizoamua kwamba mwaka huu mtu wetu aende.

Uamuzi ulianza kuandaliwa mtu akiwa bado mtoto. Wasafiri waliopita Unyamwezi waliona vitoto vya miaka sita au saba vikitembea na pembe ndogo begani, vikicheza safari. Kijana aliyefikia umri bila kuiona pwani alitaniwa kuwa ameketi kibandani anaatamia mayai, na utani wa namna hiyo ukirudiwa na mabinti wa kijiji ulikuwa mzito kuliko mzigo wenyewe. Pwani nako mambo hayakuachana sana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip wa baadaye, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, katika habari za maisha yake alizozitunga kwa Kiswahili, anaeleza kwamba alianza akiwa na miaka 12 kwa safari fupi za kununua sandarusi, akipewa bidhaa kidogo kwa sababu ya udogo wake. Bara ya mbali ilikuja baadaye, akiwa kijana wa miaka 18, akiandamana na baba yake. Ni mtu mwenye damu nyingi mikononi, na hakuna haja ya kumpamba. Hata hivyo mwendo wa kufundishwa kwake ni uleule wa mtoto wa Unyanyembe, nchi ya Kinyamwezi inayozunguka Tabora: mzigo mdogo, njia fupi, mkubwa wa kumtazama.

Baada ya utoto lilikuja suala la majira, na hapo ndipo mwanamke alipokuwa na sauti.

Unyamwezi ni nchi ya mvua moja. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili au Mei. Mtama ukivunwa na kupurwa, kiangazi kirefu hufuata, shamba halidai mtu. Nafasi hiyo ndiyo iliyowapa Wanyamwezi ukuu wao barabarani. Mwanamume aliweza kuondoka ghala limejaa, akaenda pwani, akarudi. Hesabu zikienda sawa angekuwa amerejea jembe linapohitajika. Mara nyingi hazikwenda sawa: msafara ulizuiwa Ugogo kwa ugomvi wa hongo, yaani ushuru wa kupita, au tajiri aliyeko Bagamoyo alichelewa kuuza pembe zake, au ndui ilipita kambini. Hivyo kaya yenye busara ilijiandaa kana kwamba mtu wao hatarudi msimu huo. Ghala lilipimwa kwa jicho. Mtama wa mbegu ulitengwa. Viazi vitamu vilikatwa vikaanikwa. Hiyo ndiyo michembe na, vikichemshwa kwanza, matobolwa, ambavyo mpaka leo mtu huvinunua sokoni Tabora na Shinyanga. Chakula cha namna hiyo hukaa miezi bila kuoza na hakidai kinu wala jiwe la kusagia. Kwa mama aliyebaki na watoto kilikuwa akiba. Kwa anayeondoka kilikuwa kitu cha kutia mfukoni.

Swali la nani atalima lilijibiwa kwa njia kadhaa, na moja haipendezi kuisimulia. Wake walilima, ndugu walilima, wakwe walidai na kudaiwa siku za kazi. Lakini kadiri biashara ya pembe ilivyokua katika miaka ya 1860 na 1870, kaya zilizofanikiwa zilitumia ujira wa safari kununua watu, hasa wanawake waliotekwa nchi za magharibi na kaskazini, ili walime wakati wenyeji wako njiani. Uhuru wa mpagazi mmoja kwenda pwani ulisimama, katika nyumba nyingi, juu ya mgongo wa mtu mwingine aliyenyimwa hata ruhusa ya kuvuka mto. Wanaosifia ari ya Wanyamwezi ya kusafiri, na ni haki wasifiwe, hawapendi kuingia uani kuona nani ameshika jembe.

Wala si wanawake wote waliobaki. Katika misafara ya Kinyamwezi wake waliandamana na waume zao, wakabeba vyungu, matandiko, unga na mtoto mgongoni, na jioni wakapika. Mpagazi mwenye mke njiani alikula vizuri, hakuugua upesi, na mkewe alimjengea kibanda cha majani kambini kabla jua halijazama. Hesabu ya nyumbani basi haikuwa tu kama mwanamume aende. Ilikuwa pia kama nyumba nzima iende, na shamba liachiwe ndugu.

Vifaa vya mpagazi havikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na sababu. Kibuyu cha maji. Chungu. Ngozi ya kulalia. Kilindo cha gome la mti, chenye kifuniko, cha kutilia nafaka na vitambaa vyake. Kigoda kidogo, kwa sababu mtu mzima hakai chini mavumbini kama mbuzi. Jembe moja au mawili yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na kaskazini yake, maana chuma hicho kilikuwa fedha: Ugogo, nchi yenye watemi wakali wa hongo na maji ya shida, jembe la Unyamwezi lilipokelewa pale ambapo kitambaa kilichochakaa kingetupwa. Viatu vya ngozi mbichi vilikatwa nyumbani. Na kitu kimoja kilichowashangaza wageni: mpagazi alivaa ngozi ya mbuzi kifuani, mvua ikianza akaivua, akaikunja na kuiweka begani chini ya mzigo, yeye akalowa. Mgeni alicheka. Lakini mwili hukauka baada ya dakika chache za jua, na ngozi iliyolowa hukwangua bega siku nzima, tena kwa siku nyingine 60 zilizobaki.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa kutisha. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, na mpagazi wa pembe aliweza kubeba zaidi ya hapo kwa hiari yake, kwa sababu pembe kubwa ilikuwa na heshima yake. Mnyamwezi alibeba begani. Mtu wa pwani alibeba kichwani juu ya kata ya majani au kitambaa. Ukizijumlisha kilo hizo za mzigo na uzito wa chungu, ngozi na posho ya siku kadhaa, unaelewa kwa nini kila kitu kilichotiwa kilindoni kilikuwa na mjadala wake.

Pwani maandalizi yalikuwa na sura nyingine, kwa kuwa huko safari ilianza kwa kalamu. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alikwenda kwanza kwa Mhindi. Tippu Tip mwenyewe, hata alipokuwa jina kubwa, aliendeshwa na mali ya Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyesimamia pia forodha ya Sultani. Mdogo zaidi alikwenda kwa mwenye duka wa Bagamoyo, akaandikiwa hati: bidhaa kadhaa kwa bei ya mkopo, zilipwe kwa pembe atakaporudi. Bei ya mkopo ilikuwa juu sana ya bei ya taslimu, na mwenye duka alikuwa na haki yake pia, kwani nusu ya wadeni wake wangeweza kuzikwa bara, huko Ukonongo. Nyumbani mwa mdeni hati hiyo ilikuwa mgeni asiyeondoka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Mrima aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, aliwajua vizuri watu wa namna hii, na yeye mwenyewe alikwenda safari za Udoe na Uzigua.

Baada ya mkopo, nguo. Sarafu ya bara ilikuwa kitambaa, na kitambaa mama kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts na kupakiwa hasa bandari ya Salem. Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na ndani ya miaka michache kitambaa hicho kilikuwa kimefika mpaka Ziwa Tanganyika bila Mmarekani hata mmoja kukifuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, bei ikaruka, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia pengo. Mpagazi wa Unyanyembe huenda hakulisikia jina la Rais Lincoln, ila alijua kwamba kitambaa cha mwaka ule ni chepesi na kina wanga mwingi.

Nguo zilihesabiwa kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nne ni shuka, shuka mbili ni doti, na doti kadhaa ni jora. Kiwiko cha nani? Hapo ndipo penye mchezo: mwenye kununua alitafuta rafiki mwenye mkono mrefu, mwenye kuuza akamwita mfupi.

Ufundi wa kukisia ulikuwa wa juu. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unguja Januari 1871 hakujua hata akanunue nini. Alikiri mwenyewe kwamba vitabu vya waliomtangulia havikumsaidia, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuandika mambo madogo kama hayo. Waliomwokoa ni wafanyabiashara Waarabu. Wakamwambia: watu 100 hula doti 10 kwa siku. Basi akanunua doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi, kama barsati inayopendwa Unyamwezi na sohari inayochukuliwa Ugogo. Jumla ni 3,650, yaani doti 10 kwa kila siku ya mwaka mmoja, bila siku hata moja ya ziada. Mtu anaweza kuona katika tarakimu hizo mzee mmoja ameketi barazani na tasbihi, anahesabu.

Shanga zilikuwa mtihani mkubwa zaidi. Rangi iliyokuwa dhahabu nchi moja ilikuwa takataka nchi ya pili. Shanga nyeusi zilitakiwa Ugogo na kukataliwa kwingine. Shanga kubwa mfano wa yai la njiwa zilikwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na hakuna aliyezitazama kabla ya hapo. Nyeupe ziliridhiwa Ufipa na kudharauliwa Uzigua. Mbaya zaidi, mitindo iligeuka. Msafara ulioondoka na rangi ya mwaka juzi uliweza kufa njaa ukiwa na magunia ya shanga. Kwa hiyo mtu mwenye akili hakununua kabla ya kwenda kambini kwa Wanyamwezi waliotoka kushuka, kuketi nao, kuwapa tumbaku, na kuuliza wake zao wanavaa nini sasa.

Kisha kufunga. Hii ilikuwa kazi ya ujuzi iliyofanywa uani, si kazi ya mtu yeyote. Majora yalipangwa, yakalazwa kwenye mkeka, yakakanyagwa na kushindiliwa mpaka mtumba ukawa mgumu kama gogo, ukakazwa kwa kamba za miwaa na kutiwa vijiti pembeni ili usipinde na usilowe unapoegemezwa chini. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba. Masango ya shaba na ya chuma yaligawanywa ncha mbili za mti. Mtumba uliofungwa vibaya ulilegea siku ya tatu, ukamuumiza mbebaji, ukafunguliwa njiani mbele ya macho ya watu, na wizi ukaanzia hapo.

Ujuzi huo ndio uliowawezesha James Chuma na Abdullah Susi, watumishi wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, kufanya jambo ambalo dunia inalikumbuka. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mapema Mei 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua kwa wiki mbili, wakauzungushia kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti, wakalishonea turubai. Ulipofika Unyamwezi wakaonywa kwamba nchi zilizo mbele hazitaruhusu maiti ipite. Wakafanya kile ambacho mfungaji wa mizigo yeyote wa Bagamoyo angekifikiria: wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa nguo. Kisha wakatengeneza mzigo wa bandia wa mabua ya mtama, wakawapa wenzao kadhaa waurudishe Unyanyembe kwa huzuni zote za msiba, ili ienee habari kwamba maiti imerudishwa. Mtumba wa kweli ukaendelea na njia. Ulifika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Magazeti ya London yalisifu uaminifu wao, na walistahili. Ufundi haukutajwa sana.

Mizigo ikiwa tayari, zilibaki siku. Siku nazo hazikuwa sawa. Pwani mtu alikwenda kwa mwalimu, apigiwe ramli, atazamiwe falaki, aambiwe saa ya kutoka na mguu wa kutangulia. Mwezi wa Mfunguo Tano, na zaidi Jumatano yake ya mwisho, mtu hakuanza jambo, seuze safari ya mwaka. Aya ziliandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa kombe. Hirizi ilishonwa. Yasini ilisomwa, sadaka ikatolewa. Akijikwaa mguu wa kushoto akitoka mlangoni, kuna waliorudi ndani na kuanza upya kesho yake. Bara, mganga aliwatengenezea wasafiri dawa ya njia, na kirangozi, kiongozi wa safu, alitayarisha pambo lake: kitambaa chekundu, ngozi ya mbega mweusi kwa mweupe, manyoya kichwani. Wageni waliliona pambo hilo kama kituko. Lakini mtu anayetembea wa mia mbili nyuma, katika majani marefu, anahitaji kuuona mbele wekundu wa kuufuata.

Miiko ilimhusu zaidi aliyebaki. Kwa wawindaji wa Ugogo ilisemwa wazi kwamba mke akikosa uaminifu, simba atamweza mume wake porini. Na katika jamii nyingi za njia ile mwenendo wa mke nyumbani ulihesabiwa kuwa sehemu ya usalama wa msafara. Ni rahisi leo kuona ujanja wa wanaume katika imani hiyo. Aliyeondoka kwa mwaka mzima alitaka mlinzi asiyelipwa, na hofu ilifanya kazi hiyo. Ila imani ileile ilikubali, labda bila kutaka, kwamba safari inaendeshwa na watu wawili na mmoja wao hatoki nyumbani.

Kwa waungwana wa Unguja na Bagamoyo lilikuwepo pia suala la fedha za mkononi. Desturi ilikuwa mpagazi apewe malipo ya miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Waajiri wa Kizungu waliiona desturi hiyo kama mlango wa kutoroka, na kweli wapo waliopokea wakapotea. Lakini fedha ile haikuishia kwenye tembo la mnazi peke yake, kama wasimuliaji walivyopenda kuandika. Ililipa deni la duka, ikamwachia mama kibaba cha mchele, ikatoa mahari iliyosalia. Mtu aliyekuwa anakwenda mahali ambapo huenda asirudi alitaka kuacha nyumba isiyodaiwa.

Hata baragumu lilipolia, nyumba haikuachwa mara moja. Siku ya kwanza msafara ulitembea kidogo tu, kisha ukapiga kambi. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo kwa shangwe na risasi za hewani, ukalala Shamba Gonera, mwendo wa saa chache, mahali palipoitwa kwa jina la mjane Mhindi tajiri aliyefanya biashara na bara. Kambi ya kwanza ilikuwa karibu kwa makusudi: aliyesahau kisu alirudi kuchukua, aliyezidiwa na mzigo aligundua mapema, aliyelewa alifika kesho yake, na mama aliyekuwa na neno la mwisho alilifuatisha kwa miguu.

Habari za njia nazo zilipimwa hadi dakika hiyo. Kati ya 1871 na karibu 1875 mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora na washirika wao, na njia ya Ujiji ikafungwa na kufunguka kwa zamu. Nyumba nyingi za Unyanyembe miaka ile zilitayarisha safari ambayo haikuondoka. Unga ulisagwa ukaliwa nyumbani.

Wajerumani walipoishika nchi waliikuta kalenda hii ya safari ikiwa hai, na wakaisukuma bila kuielewa. Kodi ya kibanda, iliyoanza kudaiwa mwaka 1898, iliwalazimu watu kutafuta fedha. Wanyamwezi na Wasukuma wakaelekeza miguu Tanga na Usambara, kwenye mashamba ya mkonge, nao walitembea kwa utaratibu uleule wa baba zao: baada ya mavuno, kwa vikundi, na kiongozi, na chungu. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Pembe, ngozi na nta zikapanda behewa.

Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na upagazi ukarudi kwa sura ambayo hakuna mzee wa Unyanyembe ambaye angeitambua. Kati ya 1914 na 1918 majeshi yaliwachukua watu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Nyasa, kwa jumla karibu milioni moja upande wa Waingereza na washirika wao. Wengi hawakupewa hata usiku mmoja wa kujitayarisha. Walishikwa shambani au barazani kwa chifu, mke akasikia habari jioni. Hawakuwa na chungu chao, wala mke wa kupika, wala ngozi ya kulalia. Walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, wakaupika nusu kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na muda hautoshi, na kuhara damu kukaua wengi kuliko risasi. Watu wa milima baridi walipelekwa mabonde ya Rufiji, watu wa joto wakapelekwa nyanda za juu. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Sababu zilizotajwa na madaktari wa jeshi, chakula, blanketi, mapishi, mzigo usiolingana na mwili, ni orodha ileile ambayo kaya ya Kinyamwezi ilikuwa ikiishughulikia kila Mei kwa vizazi kadhaa, bila ofisi wala karani.

Kambi za wabebaji hao ziliacha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, na katika sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa Nairobi baada ya vita mojawapo ni ya mpagazi.

Kazi yenyewe bado ipo, mlimani. Kilimanjaro, mpagazi anayepita lango la Machame au Marangu hupimiwa mzigo kwenye mizani, na kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa wageni usizidi kilo 20. Safari ni ya siku tano hadi saba, si ya miezi, na masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na wapagazi wengi wa Moshi hurudi mashambani. Waandaaji wa safari zao huuliza mambo manne kabla ya kumpa mtu kazi: una viatu, una koti la mvua, una soksi za pamba nzito au sufi, una begi la kulalia. Asiye navyo hukodi kwa siku, au huazima kwa jirani aliyeshuka juzi, na mama mwenye nyumba huzifua soksi hizo usiku ili ziwe zimekauka alfajiri gari litakapopita.